Nani Huhesabiwa: Kura na Mpaka, Tangu Baraza la Gavana hadi Daftari la Leo

Mazungumzo ya maofisa wa polisi wa ushirikiano na jamii mbele ya wakazi wa Busia

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya uchaguzi. Twajua kwamba neno hilo likitoka kinywani mwa askari, wako wanaokunja uso, kwa kuwa aghalabu raia na askari hukutana katika uchaguzi pale mambo yanapokuwa yameharibika. Leo hatukuja kutangaza amri wala kutoa onyo. Tumekuja kueleza historia. Sababu yetu ni hii: mashauri mengi yanayofika mezani petu kila unapokaribia uchaguzi hapa mpakani yana mizizi mirefu kuliko umri wetu sisi tunaoyaandika. Mwanamke aliyeolewa kutoka ng'ambo huambiwa jina lake limepingwa. Kijana hukutwa na vitambulisho vya nchi mbili. Lori huvuka usiku likiwa limejaa watu wanaopelekwa kupiga kura mahali wasipopajua. Asiyejua kura ilifikaje hapa hawezi kuelewa kwa nini mashauri hayo huleta ugomvi mkubwa kiasi hiki kati ya watu wa ukoo mmoja.

Tuanze na mpaka wenyewe. Hadi mwaka 1902, himaya iliyoitwa Uganda ilienea mashariki mpaka Naivasha. Mwaka huo Waingereza waliukata mkoa wa mashariki wa Uganda wakautia katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Wasamia na Wateso wengi walilala katika nchi moja wakaamka katika nchi nyingine bila kuhama hata hatua moja. Kule kaskazini mpaka ulisogezwa tena mwaka 1926. Hakuna aliyeulizwa, wala sanduku la kura halikuwapo. Jambo hilo halijakwisha, kwa maana Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, inapotaja makabila ya asili ya nchi hii, huyataja kama yalivyokuwa yakikaa ndani ya mipaka ya tarehe 1 Februari 1926. Basi mzee akitueleza kwamba babu yake alizikwa upande huu kabla ya mawe ya mpaka, huo si utani wa kijiweni. Ni ushahidi wenye uzito katika suala la uraia, na uraia ndio mlango wa kura.

Baraza la kwanza la Kutunga Sheria la Uganda lilikutana mwaka 1921. Gavana alikaa mbele, na wajumbe wake walikuwa Wazungu watupu. Wahindi walitengewa kiti kimoja, wakakikataa mwanzoni kwa kuwa waliona ni dharau kulinganishwa hivyo. Waafrika hawakutengewa hata hicho kimoja cha kukataa. Ilichukua miaka 24 hadi Waafrika watatu walipoingia barazani, mwaka 1945, nao hawakuchaguliwa na mtu yeyote kijijini, waliteuliwa. Katikati ya miaka ya 1950 aliingia mwanamke wa kwanza Mwafrika, Bi. Pumla Kisosonkole. Tunapenda kumtaja mbele ya akina mama wa mpakani kwa sababu moja: alizaliwa Afrika Kusini, akaja Uganda kwa ndoa. Mwanamke aliyeolewa kutoka mbali aliingia katika baraza la nchi kabla ya wengi wa wanaume wenyeji kupata hata haki ya kutia karatasi sandukuni.

Uchaguzi wa kwanza wa moja kwa moja wa wajumbe Waafrika ulifanyika mwaka 1958, na si kila mahali, kwani Buganda iliukataa na sehemu nyingine zilibaki nje. Haki ya kupiga kura haikuwa ya kila mtu. Ilikupasa uwe na umri wa miaka 21, kisha uwe na jambo jingine la kukutambulisha kuwa mtu wa maana machoni mwa serikali: ardhi, kipato, utumishi wa miaka mingi, au kujua kusoma na kuandika. Mkulima hodari asiyejua herufi angeweza kukipita kituo cha kura akienda shambani kwake, wasiulize jina lake.

Majirani zetu walikuwa na vipimo vyao vya namna hiyo. Nchini Kenya Waafrika walichagua wajumbe wanane mwezi Machi 1957, na sheria ilimpa mtu mmoja kura moja, mbili au hata tatu kulingana na elimu, mali na utumishi wake. Mwalimu angeweza kuwa na uzito wa wakulima watatu. Huko Tanganyika, katika uchaguzi wa 1958 hadi 1959, tatu hiyo ilikuwa na maana nyingine kabisa. Kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na asipokamilisha watatu karatasi yake huharibika. Hiyo ndiyo iliyoitwa kura tatu. Chama cha TANU kilikaribia kupasuka kwa ajili yake katika mkutano wa Tabora mwezi Januari 1958, hadi Julius Nyerere alipowashawishi wenzake waingie katika uchaguzi huo mbovu ili waushinde kutoka ndani. Waliushinda.

Tunaeleza haya kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba kura ya mtu mmoja, yenye uzito sawa na ya jirani yake, imekuwapo tangu zamani kama mto Malaba. Haikuwapo. Hapa Uganda, kamati iliyoongozwa na J. V. Wild ilipendekeza mwaka 1959 kwamba kuwe na daftari moja kwa watu wote na kura kwa watu wazima wote, bila kupima mali wala elimu. Kwa wengine lilionekana pendekezo la hatari. Leo hatuoni ajabu yoyote mwendesha boda boda na daktari wanaposimama katika mstari mmoja.

Uchaguzi wa Machi 1961 ndio uliofuata njia hiyo, nao unafundisha jambo ambalo tumelisimulia mara nyingi vijijini. Uongozi wa Buganda uliwaambia watu wasijiandikishe, na walio wengi wakatii. Wachache mno walijiandikisha na kupiga kura, na kwa kura za hao wachache chama cha DP kilichukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Chama cha UPC kilipata kura nyingi zaidi katika nchi nzima, lakini DP ndiyo iliyopata viti vingi, na Benedicto Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi. Kiti kilichosusiwa hakikukaa wazi kumngoja aliyesusia, alikikalia mwingine. Mwaka uliofuata chama cha Kabaka Yekka kilijitokeza kwa nguvu, kikashinda viti 65 kati ya 68 vya Lukiiko, na Lukiiko ndiyo iliyowateua wabunge wa Buganda. UPC na Kabaka Yekka waliungana, Milton Obote akawa Waziri Mkuu, na tarehe 9 Oktoba 1962 bendera ikapandishwa.

Hapa tutakaa kidogo, kwa maana tunafikia kisa kinachotuhusu sisi wa mipakani kuliko vingine vyote, ingawa hakikutokea Busia.

Uganda ilipopata uhuru ilirithi ugomvi wa mpaka wa ndani. Waingereza walikuwa wamezichukua kaunti kadhaa za Bunyoro wakaipa Buganda mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na Wanyoro hawakuacha kuzidai. Ilikubaliwa kwamba katika kaunti mbili, Buyaga na Bugangaizi, wakazi wenyewe wapige kura waamue: wabaki Buganda, warudi Bunyoro, au wawe wilaya ya pekee. Siku iliwekwa: tarehe 4 Novemba 1964. Kabla siku hiyo haijafika, Kabaka Mutesa, ambaye wakati huo alikuwa pia Rais wa nchi, aliwapeleka wanajeshi wastaafu wa Kiganda wakakae Ndaiga, ndani ya eneo lile lenye ugomvi. Walipewa ardhi. Walijenga. Walikuwa watu halisi, raia halali wa Uganda, wenye jembe mkononi.

Swali likawa, je, watu hao wapige kura? Serikali kuu iliamua kwamba watakaopiga ni wale tu waliokuwa wameandikishwa katika daftari la uchaguzi wa 1962. Waliohamishiwa pale baada ya hapo hawakuhesabiwa. Kura zilipopigwa, kaunti zote mbili zilichagua Bunyoro kwa wingi mkubwa. Uamuzi huo ulivunja kabisa urafiki wa Kabaka na Waziri Mkuu wake, na mwaka 1966 nchi iliingia katika mtafaruku ambao wazee waliomo humu wanaukumbuka.

Hatukukisimulia ili tuhukumu nani alikuwa na haki kati ya Buganda na Bunyoro. Tunakisimulia kwa sababu lile lori la usiku lina babu yake, na babu huyo ni Ndaiga. Tangu zamani walioshindwa kuubadili moyo wa mwenyeji wamejaribu kumbadili mwenyeji mwenyewe, na tangu zamani kizuizi kimekuwa daftari lililofungwa mapema. Sheria inayosema kwamba daftari hufungwa kwa tarehe fulani huwaudhi wengi wanaochelewa. Twawaelewa. Ila ni sheria hiyohiyo inayomkinga mwenyeji wa kijiji asizidiwe na wageni wa siku mbili.

Baada ya hapo simulizi inakuwa fupi, kwa huzuni. Uchaguzi ulioahidiwa haukufanyika, Katiba mpya ilipitishwa mwaka 1967, na tarehe 25 Januari 1971 jeshi likashika nchi. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uhuru alitimiza miaka 18 bila kumwona mzazi wake akichagua mbunge.

Uchaguzi uliofuata ulikuwa wa Desemba 1980. Kila chama kilikuwa na sanduku lake. Mpiga kura alipewa karatasi, akaingia mahali pa siri, akaitia katika sanduku la chama alichokipenda. Tatizo la masanduku mengi linaeleweka na yeyote aliyewahi kupima mahindi kwa madebe mawili, kwani debe moja linaweza kupotea njiani. Kisha, upigaji kura ulipomalizika, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi, Paulo Muwanga, alitoa tangazo la kujipa yeye peke yake mamlaka ya kutangaza matokeo. UPC ilitangazwa mshindi. Miezi miwili baadaye, Februari 1981, vita vya msituni vilianza, na vikaendelea kwa miaka mitano.

Someni sasa ibara ya 68 ya Katiba ya 1995, na mtaona kwamba walioiandika walikuwa na mwaka 1980 mbele ya macho yao. Inaagiza kura ya siri. Inaagiza sanduku moja katika kila kituo kwa wagombea wote. Inaagiza kura zihesabiwe palepale kituoni mara upigaji unapokwisha, wagombea au mawakala wao wakiwapo, na matokeo yatangazwe pale kabla ya kupelekwa kwingine. Kila neno hapo ni jibu kwa jeraha fulani. Askari aliyesimama kituoni jioni hiyo hahesabu, hajumlishi wala hatangazi. Kazi yake ni kuona kwamba anayehesabu hasukumwi na anayetazama hafukuzwi. Mkimwona askari anafanya zaidi ya hayo, andikeni namba yake mtuletee.

Kati ya vita na Katiba hiyo tulipitia njia nyingine, na hapa majirani wa Kenya watatabasamu. Mwaka 1989 mabaraza ya Resistance yalichaguliwa nchini kote kwa watu kujipanga nyuma ya mgombea. Hakuna karatasi wala wino; ukimpenda mtu, unasimama mgongoni pake. Kwa kijiji kilichotoka vitani bila fedha wala orodha, njia hiyo ilikuwa na faida yake, kwani kila mtu aliona kwa macho yake nani ameshinda. Wakenya nao walikuwa na mlolongo wao mwaka 1988, katika mchujo wa chama pekee kilichokuwapo, KANU. Aliyepata asilimia 70 ya mstari alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Kilichofuata kinasimuliwa mpaka leo huko ng'ambo: mstari mrefu ulishindwa na mstari mfupi kinywani mwa mtangazaji, na asubuhi yake hapakuwa na karatasi hata moja ya kuhesabu upya. Mlolongo ulifutwa baada ya miaka michache, na mwaka 1992 Wakenya wakarudi katika uchaguzi wa vyama vingi kwa kura ya siri.

Uganda haikuufuta kabisa. Kwa Bunge la Katiba la mwaka 1994, kwa urais na kwa ubunge tangu 1996, tumetumia kura ya siri. Lakini ibara ileile ya 68 inaruhusu Bunge kuziondoa chaguzi nyingine katika masharti ya siri, na ndiyo maana mwezi Julai 2018, tulipowachagua wenyeviti wa vijiji baada ya kukaa miaka 17 bila kuwachagua, watu walijipanga tena nyuma ya wagombea. Sisi tuliosimamia usalama siku zile tuna maoni yetu. Mstari hauibiwi kwa urahisi mahali ambapo majirani mia mbili wanautazama. Hata hivyo, mama anayeuza samaki kwa mkopo wa tajiri fulani hawezi kusimama nyuma ya mpinzani wa tajiri huyo bila kulipa gharama kesho yake. Na hapa mpakani yako mengine: mgeni akijipanga katikati ya mstari, mwenyekiti wa kijiji na majirani ndio wanaoweza kusema kwamba huyu hatumjui. Baadhi ya magomvi ya siku zile yalianza na maneno hayo mawili.

Haki ya wanawake nayo ilipanuka katika kipindi hicho. Tangu 1989 kila wilaya ina kiti cha mwanamke, na Katiba ya 1995 ikaweka viti vya vijana, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Umri wa kupiga kura ni miaka 18. Mwaka 2005 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama vyama virudi, wakakubali, na uchaguzi wa 2006 ukawa wa vyama vingi. Mwaka huo wa 2005 Bunge liliondoa ukomo wa vipindi viwili vya urais, na mwaka 2017 likaondoa kikomo cha umri wa miaka 75. Mambo hayo wananchi wanayabishania hadi sasa, na ni haki yao kuyabishania; si kazi ya askari kuyaamulia. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kwamba wafungwa na Waganda walio nje ya nchi nao wana haki ya kupiga kura. Kusema na kutekeleza ni mambo mawili, lakini neno limekwisha kuandikwa.

Sasa tuje kwenye daftari la leo na watu wa pande mbili.

Ukoo wa Awori wa Usamia unajulikana na kila mtu hapa. Ndugu wawili, Moody na Aggrey. Moody alikuwa mbunge wa Funyula na akawa Makamu wa Rais wa Kenya. Aggrey alikuwa mbunge wa Samia Bugwe Kaskazini, akagombea urais wa Uganda mwaka 2001, na baadaye akawa waziri Kampala. Ni mfano bora kuliko hotuba yoyote tunayoweza kuitoa. Mpaka haukuwazuia kuwa ndugu, na undugu haukuwafanya wachanganye madaftari. Kila mmoja alikuwa na nchi yake kwenye karatasi, na kila mmoja alichaguliwa na watu wa upande wake.

Wako kati yenu wenye haki pande zote mbili, nasi hatuwezi kuwalaumu kwa jambo ambalo sheria inaliruhusu. Uganda iliufungulia mlango uraia wa nchi mbili kwa marekebisho ya Katiba ya 2005 na sheria ya 2009. Kenya ikaukubali katika Katiba ya 2010. Lakini uraia huo huombwa na kuandikwa. Kuwa na kitambulisho cha mjomba, au kuandikishwa na mwanasiasa upande wa pili kwa jina lililogeuzwa kidogo, si uraia wa nchi mbili. Ni kosa, na tangu vitambulisho vya taifa vilipofungamanishwa na daftari la wapiga kura, na alama za vidole kuanza kukaguliwa vituoni mwaka 2016, ni kosa linaloonekana upesi. Anayekamatwa karibu kila mara ni kijana aliyelipwa nauli na soda. Aliyemlipa huwa amekwisha kurudi nyumbani kulala. Tunalisema hili kwa uchungu, maana tumewaandikia maelezo vijana wa namna hiyo, na mama zao wakingoja nje.

Mkenya anayeishi Uganda anayo njia iliyo wazi. Tangu 2013 Wakenya walioandikishwa katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki wameweza kumpigia kura rais wao humuhumu nchini, katika vituo vilivyowekwa na tume yao. Hahitaji kujificha wala kuvuka usiku.

Suala linalotuletea watu wengi zaidi ofisini ni la ndoa. Mwanamke wa Kenya aliyeolewa Uganda hawi Mganda kwa sababu mahari imelipwa, hata kama amezaa watoto sita na kumzika mume wake hapa. Katiba inampa haki ya kuandikishwa kuwa raia akiwa katika ndoa halali inayoendelea kwa miaka 3, naye lazima aombe. Kwa mwanamke wetu aliyeolewa Kenya, muda ni miaka 7. Ugumu uko kwenye cheti. Ndoa nyingi za kimila hapa mpakani hazikuandikwa popote, na mzee aliyeshuhudia mahari hugeuka kumbukumbu pekee ya ndoa hiyo. Mzee akifa, kumbukumbu huzikwa naye. Ndipo unapofika wakati wa uchaguzi, shemeji mwenye kinyongo cha shamba husimama mbele ya watu na kusema kwamba huyu si wa hapa. Tumewahi kuitwa usiku kwa sababu ya neno hilo, na tulipofika tulikuta si kura iliyokuwa ikigombewa bali mipaka ya shamba. Wazee, tunawaomba mwandikishe ndoa za kimila zilizomo katika koo zenu mngali hai. Uko utaratibu wa kuzipokea.

Mpaka huu pia hupitisha madhara ya uchaguzi wa jirani. Mnaukumbuka mwezi Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchini Kenya, zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na maelfu walikimbilia upande huu kupitia Busia na Malaba, wakapelekwa Mulanda, Tororo. Wengi wenu mlipokea jamaa zenu majumbani kabla ya hema hata moja kusimamishwa. Reli ilipong'olewa Nairobi, petroli ilipanda bei Kampala na Kigali, na magari ya mizigo yakalala barabarani. Upande wetu nao, mwezi Novemba 2020, ghasia za siku mbili wakati wa kampeni ziliua watu. Serikali yenyewe ilitaja watu 54. Hamkusahau, wala hatukuja kuwaambia msahau. Tunayataja yote mawili kwa sababu uchaguzi wa Nairobi na wa Kampala huishia hapa, katika soko hili, kwa watu ambao pengine hawakupiga kura hata moja katika ule ulioharibika.

Lililobaki ni la kazi. Kabla ya kila uchaguzi mkuu Tume ya Uchaguzi hubandika orodha ya majina kwa siku zinazotangazwa, parishi kwa parishi. Nendeni mkasome. Tazameni kama jina lenu lipo na kama limeandikwa sawasawa, kisha tazameni yale msiyoyafahamu na yale ya marehemu. Mwenye pingamizi alitoe wakati huo kwa kamati iliyowekwa na sheria, akiwa na ushahidi, si siku ya kura akiwa na fimbo. Pingamizi likitolewa dhidi yako, una haki ya kusikilizwa. Njoo na karatasi ulizo nazo, na kama huna, njoo na watu wanaokujua tangu utotoni. Ukitishwa kwa sababu ya pingamizi ulilolitoa au lililotolewa dhidi yako, hapo ndipo jambo linapokuwa letu, na mlango wa kituo uko wazi usiku na mchana.

Tumepokea maswali yaliyoandikwa kabla ya kikao. Tutaanza na lile la akina mama wa soko la nafaka kuhusu vyeti vya ndoa, kisha la mwenyekiti wa kijiji anayeuliza afanye nini na majina matatu ya watu waliohamia ng'ambo.